Aliyeitika Si Mimi

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi amelala kifudifudi wodini kwa sababu mgongo wake haumruhusu kulala vyengine. Mimi niliwahi kulala hivyo. Sina maneno matamu ya kumpa, lakini naweza kumweleza yaliyonipata, yalivyoanza na yalivyokwisha, naye atachukua la kumfaa.

Jina langu Hamad. Nimezaliwa Gando, Pemba, na kabla ya kuingia zimamoto nilikuwa mchumaji karafuu. Nilikuwa mwepesi. Nilipanda mpaka kwenye matawi ambayo wenzangu waliwaachia ndege. Kwa hivyo nilipoajiriwa, kazi za juu zikawa zangu: ngazi, dari, mapaa. Pumzi nilikuwa nayo ya kutosha na kubaki, na niliringa nayo.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya vyama vingi. Wako watu kisiwani waliokuwa hawasalimiani, hata mazikoni hawaendeani. Gari letu lilikuwa la serikali, na tulipofika penye moto si wote waliotufurahia. Wengine walitutazama tu, kimya. Tulizoea.

Kituoni kwetu siku hizo kulikuwa na cheo kigeni, afisa usalama. Wazee waliotutangulia walifanya kazi bila ya mtu kama huyo. Mkuu wa zamu alishika mpira wa maji kama wengine, na kila mtu alijichunga mwenyewe. Halafu wakubwa wakarudi kutoka mafunzoni na habari mpya, kwamba penye moto lazima awepo mtu mmoja ambaye hazimi chochote. Yeye awatazame wazimaji. Nani kaingia, nani katoka, ukuta gani umeanza kuinama, moshi umebadilika rangi au vipi. Na akisema tokeni, hata mkuu wa zamu anatoka. Sisi tulicheka sana. Cheo alipewa Mzee Faki, mzimaji wa zamani mwenye goti bovu, na kwa kuwa hakuna aliyemfundisha hasa afanye nini, akawa analinda gari na viatu vyetu. Tulimwita Bwana Mtazamaji, na yeye mwenyewe akicheka nasi.

Moto ulionipata ulitokea Ole, mchana, watu wametoka kusali adhuhuri. Lilikuwa ghala la karafuu la familia moja ya zamani ya hapo, kuta za mawe, paa la bati, na ndani dari ya mbao iliyojaa magunia mpaka juu. Karafuu kavu ina mafuta. Moshi wake mwanzo unanukia vizuri, utadhani jirani anapika pilau, kisha unakamata koo na macho hayafunguki tena. Tuliingia kutoa magunia. Vifaa vya hewa havikututosha sote, mimi nikafunga kitambaa kibichi puani nikapanda darini, maana darini palikuwa pangu.

Mkuu wa zamu alipoona bati linapinda, alipiga kelele watu watoke. Wa chini walisikia. Mimi nilikuwa chini ya bati lenyewe, linalia kama mvua ya mawe, sikusikia kitu.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Huwezi kukusanya wanaume kumi Pemba usipate akina Hamad kadhaa, waliobaki ni akina Khamis na Juma, na ukiuliza majina ya baba zao, ni hayo hayo yamegeuzwa. Kituoni tulikuwa Mahamad watatu. Mzee Faki akaanza kuita majina, kazi ya cheo chake, na alipofika kwetu akafupisha.

"Mahamad wote?"

"Tupo!" akaitika mmoja.

Aliyeitika si mimi. Alikuwa Hamad mwenzangu, mnene, mwenye sauti kubwa, rafiki yangu. Alikuwa ameona mtu wa koti la zimamoto ameinama anakunywa maji kwenye ndoo, mgongo kautoa, akadhani ndiye mimi. Na kwetu kumuitikia mwenzako ni jambo la kawaida. Tumezoea tangu skuli na madrasa, mwenzio katoka kidogo, unamuitikia asije akagombezwa. Hakufanya ubaya wowote. Mzee Faki akaridhika, na mlango wa ghala ukaachwa, hakuna aliyerudi ndani.

Aliyeniokoa ni mwanamke. Bi Time alikuwa akiuza mihogo ng'ambo ya barabara. Tulipofika hakutujibu salamu, kwa sababu ya gari la serikali. Lakini zamani aliwahi kuolewa Gando na alimjua mama yangu, Bi Mize. Maneno yao alinisimulia Mzee Faki mwenyewe baadaye.

"Na Hamad wa Bi Mize yuwapi?" alimuuliza.

"Katoka, mama."

"Katoka wapi? Mie n'nasimama hapa tangu mwanzo. Hawa wa nje nawaona wote. Wa Bi Mize yumo ndani!"

Mimi wakati huo nilikuwa nimeshaanguka. Dari ilikatika, nikashuka pamoja na magunia, na yanayowaka yakanilalia mgongoni. Nilijaribu kuyasukuma kwa mikono. Nakumbuka ngozi ya viganja ilitoka na gunia. Maumivu hayakuja pale pale, na hilo wengi huwa hawaliamini. Nilichokitaka ni hewa tu. Nilivuta, ikaja moshi. Nikavuta tena. Hamad mwenzangu ndiye aliyeingia, akanikamata mguu, akaniburura mpaka nje kama gogo.

Hospitali walinikata nguo kwa mkasi. Niliungua mgongo wote, mikono yote miwili, sikio la kushoto na nyuma ya shingo. Nilikohoa makohozi meusi, mazito kama lami. Sauti ilipotea kabisa. Uso ulivimba hata mke wangu aliponijia alinipita kitandani, akamuuliza muuguzi mumewe yuko wapi. Kila asubuhi walibadilisha shashi. Shashi inagandana na kidonda, na kuitoa ni kuchuna. Nilikuwa nikiuma mto. Siku nyengine nilijikojolea, na wauguzi walibadilisha shuka bila ya kusema neno, Mungu awalipe.

Daktari alikuwa mwanamke wa Unguja, mkavu wa maneno. Nilimpenda kwa hilo. Nilipoweza kunong'ona nilimuuliza suali moja tu.

"Nitarudi kazini lini?"

"Kazi gani?"

"Zimamoto."

"Utapona, inshaallah. Mikono itategemea na wewe mwenyewe. Lakini mapafu yameumia. Moshi mwengine kama ule usiuingie tena, Hamad. Kazi ya ndani ya moto imekwisha."

Niseme ukweli, maneno hayo yaliniuma kuliko shashi. Mtu akikwambia utapona, unadhani atakurudishia ulichokuwa nacho. Mimi nilikuwa mpanda juu. Nikiondolewa hapo sikujua kitakachobaki. Niliugeukia ukuta, na chakula nikakataa.

Walinipeleka Unguja, wakakata ngozi pajani wakaipandikiza mgongoni na viganjani. Ilishika, alhamdulillahi, ila sehemu ndogo iliyooza ikabidi irudiwe. Nikarudi Gando kwa mama, mke wangu na watoto wakanifuata. Vidole vilikuwa vimejikunja kama kucha za kuku. Hospitali walisema niviendeshe kila siku, la sivyo vitakauka hivyo hivyo. Nilikuwa naviendesha mara moja, nikiumwa naacha.

Mama yangu, Bi Mize, hakuwa mtu wa kubembeleza. Ulikuwa msimu. Alinimwagia pakacha zima la karafuu mbichi mbele yangu, juu ya jamvi.

"Chambua."

"Mama, vidole haviendi."

"Ndo uvipeleke. Mie sikwambii uchambue pakacha. Chambua kikonyo kimoja."

Kuchambua karafuu, kutenga punje na vikonyo vyake, ni kazi ya watoto na vikongwe. Kikonyo cha kwanza kilinichukua muda mrefu kiasi kwamba mama alikwenda kisimani akarudi. Ngozi mpya ilipasuka, damu ikaingia kwenye karafuu. Harufu ile ile ya ghalani ilinipanda puani na nikatapika. Mama akafagia, akaniletea maji, akanisogezea kikonyo chengine. Msimu ulipokwisha nilikuwa nachambua kama mtoto wa miaka saba, si haba, na niliweza kufunga vifungo vya shati langu.

Pumzi ilikuwa shughuli nyengine. Kutoka nyumbani hadi barabarani kuna mlima mdogo. Zamani niliupanda huku naimba. Sasa nilisimama njiani mara kadhaa, nimeshika magoti, na wapitao wananipa pole. Zile pole zilinichosha kuliko mlima.

Mzee Faki alikuja siku moja. Alikuwa amekaribia kustaafu. Alikaa barazani, goti lake amelinyoosha, akanambia wakubwa wamekubali nichukue cheo chake.

"Nije nilinde viatu?" nilimuuliza. Nilikasirika, sifichi. Niliona wananirushia mfupa.

"Hilo ndilo nililolifanya mie," alisema. "Nililinda viatu. Siku ile niliita majina, Hamad, sikutazama nyuso. Nikasikia tupo, nikaridhika. Muuza mihogo alijua idadi ya watu wangu, mie sikujua." Machozi yalimtoka, na hakuyafuta. "Hino kazi ni ya mtu aliyeachwa ndani. Mwengine yeyote ataifanyia mchezo."

Usemi wake ulinikaa. Nilirudi kituoni, nikavaa koti jengine, la afisa usalama, na kwa mara ya kwanza nikasimama penye moto mikono mitupu. Ilikuwa aibu kubwa. Miguu ilikuwa inataka kwenda yenyewe.

Jambo la kwanza nililobadilisha ni kuita. Nilisema hapa haitwi Hamad wala Khamis. Kila mtu ataitwa kwa jina la mama yake, na ataitika mwenyewe, nimtazame usoni. Hamad wa Bi Kazija. Juma wa Bi Saada. Khamis wa Bi Mchanga. Wenzangu waliona haya. Kwetu mama wa mtu hatangazwi barabarani. Mkubwa mmoja wa Unguja alikuja kututembelea, akasikiliza zoezi letu, akauliza kama hii ni zimamoto au arusi. Nikamwambia arusi hatuhesabu wanaotoka. Alicheka, akatuacha.

Moto mkubwa wa kwanza tangu nipewe cheo hicho ulikuwa Mgogoni, nyumba ya mkulima mmoja, mchana vilevile. Vijana waliingia, na Hamad wa Bi Kazija, yule aliyeniitikia Ole, mbele. Kazi ilikwenda vizuri, nyumba ilikuwa inaokoka. Halafu nikaona moshi wa upenuni umegeuka, umekuwa mzito, wa rangi ya udongo, unasukuma na kurudi nyuma kama unapumua. Boriti moja ikatoa mlio. Nikapiga kipenga. Nikaita kila mtu kwa mama yake, mmoja mmoja, kwa sauti hii iliyobaki, ambayo hukwaruza na kukatika. Walitoka wote.

Paa halikuanguka.

Tulisimama tunalitazama na halikuanguka. Moto ukapata nafasi ukala vyumba viwili tulivyokuwa tumeshaviokoa. Mwenye nyumba alilia mbele yangu, akanambia nimemtia umasikini. Hamad alivua kofia akaitupa chini.

"Ungetuachia kidogo tu, yakhe! Kidogo tu! Weye sasa moshi wauogopa!"

Ni kweli, nauogopa. Sikulala vizuri kwa muda. Mpaka leo sijui kama wangebaki ndani paa lingewaangukia au la, na hakuna atakayejua. Nimekubali kuishi na kutojua huko. Kazi yangu ndivyo ilivyo, nikiifanya sawasawa hakuna kitu kinachotokea, na watu wanauliza nimefanya nini.

Wewe uliyelala kifudifudi, ushauri wangu ni mfupi. Viendeshe vidole hata vikitoka damu. Mtu akikuletea kikonyo kimoja, usimdharau. Muulize daktari suali unaloliogopa, na jibu lake ulipe muda. Huenda usirudishiwe ulichokuwa nacho. Mimi sikurudishiwa, na niko hapa, nakula, nacheka, nalea. Namshukuru Mungu, namshukuru mama yangu na yule daktari mkavu, na Bi Time, ambaye siku hizi ananijibu salamu hata nikiwa ndani ya gari.

Baada ya moto wa Mgogoni, Hamad hakusema nami siku kadhaa. Halafu mama yake, Bi Kazija, alinisimamisha njiani sokoni. Ni mwanamke mfupi, mkali, na nilijua ananijia kwa sababu ya mwanawe.

"Naambiwa wanitaja penye moto," alisema.

"Ndio, mama."

"Mbele za watu?"

"Mbele za watu, mama. Niwie radhi."

Akajitanda vizuri buibui lake.

"Na yeye huitika?"

"Huitika."

"Mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Mwenyewe. Namtazama."

"Basi niite kwa nguvu," alisema Bi Kazija, "nami huku niliko nisikie."