Wenye Jina Letu ni Wachache

Baba mkwe wangu aliniuliza mambo matatu, na kwao yote yalikuwa ya kawaida. Jina langu la ukoo limetoka wapi? Lina maana gani? Na wenye jina hilo wako wangapi?

Tulikuwa mezani kijijini kwao, kaskazini mwa Guangzhou, kijiji ambacho maghorofa yamekizunguka pande zote lakini wenyewe bado wanakiita kijiji. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi sita. Alitafsiri taratibu, macho ameyatia ndani ya bakuli la wali, nikajua kwamba wao wawili walikwisha kulizungumza jambo hili kabla sijafika.

"Mtoto anaweza kuchukua jina lako," mzee akasema. "Mimi sina ubishi. Lakini sitampeleka mjukuu wangu kwenye jina ambalo sijui kwao wapi. Niletee majibu kabla hajazaliwa. Usipoyaleta, atachukua letu."

Yeye hakuhitaji kutafuta majibu yake. Hatua chache kutoka mlangoni pake upo ukumbi wa mababu, paa la vigae, na ndani yake vibao vya mbao vimepangwa ngazi kwa ngazi, kila kibao mtu, kila mtu jina lile lile. Kijiji kizima ni jina moja. Nguzo mojawapo ya mawe pale mlangoni imemeguka ubavuni, pengo kubwa la kuingia kichwa cha mtu, na hawajaitengeneza. Nilikwisha kupita hapo mara nyingi na sikuwahi kuuliza.

Langu mimi ni jina la Kiingereza. Sitaliandika hapa, kwa kuwa walio nalo ni wachache mno, na kulitaja ni kuninyooshea kidole mimi na dada zangu. Nimezaliwa Mombasa, upande wa Kisauni, kwenye familia za misheni. Nyuso zetu ni za Kiafrika kama za jirani yeyote, ila majina yetu ya mwisho ukiyasoma kwa sauti utadhani unaita waumini wa kanisa fulani la Uingereza. Na kweli ndiyo hao unaowaita. Babu yake baba alikuwa mtoto mdogo alipotolewa kwenye chombo cha watumwa na manowari ya Waingereza, akashushwa misheni. Kwao hakukukumbuka. Alibaki na neno moja tu la lugha ya kwao, la kumwita mama, na hakutokea mtu wa kumwambia ni lugha ya wapi. Misheni ilikuwa na utaratibu: watu wema wa Uingereza walichanga kumlea mtoto, na aliyechanga alikuwa na haki ya kumpa jina. Jina lake lilikuja kwa barua.

Nyumbani hatukulizungumzia. Mtu akiuliza, baba alikuwa akisema, "Ni jina la misheni," kisha anauliza kama chai imekwisha. Mimi nimeirithi hiyo tabia nzima nzima. Nimeishi Guangzhou miaka kumi na miwili bila kumsimulia mtu, hata mke wangu. Yeye nilimwambia ni jina la zamani, akaridhika.

Kazi yangu ni uwakala wa mizigo. Nina chumba cha ofisi Xiaobei, ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya simu ya Dengfeng, na makontena yangu hupakiwa bandarini Nansha. Kila siku najaza vyeti vya asili ya bidhaa, karatasi zinazosema mzigo huu umetoka wapi. Nimejaza maelfu, na mkono wangu haujawahi kusita. Nilipokaa kujaza cha kwangu mwenyewe, nilitazama kioo cha kompyuta mpaka chai ikaganda utando.

Nilianza na tovuti za majina. Maana ilipatikana upesi: uwanda mdogo uliofyekwa msituni, pa kulishia nguruwe. Palikuwa na kijiji cha jina hilo kaskazini mwa Uingereza, kikafa zamani, kimebaki kanisa bovu na malisho. Mshirika wangu wa ofisi ni Mzanzibari, mtu wa swala tano, na nilipomsomea alicheka mpaka akashika meza.

"Yaani wallahi nimekaa meza moja na zizi la nguruwe miaka saba!" akasema. "Ndo maana hii shipment ya Tanga haina baraka."

Na mimi nilicheka. Kisha nikateremka chini kwenye ramani, na kicheko kikaisha. Ramani ilionyesha wenye jina hilo duniani kwa madoa ya rangi. Uingereza walikuwa wamefifia, wachache hapa na pale. Australia doa moja. Doa zito kuliko yote lilikuwa Kenya, pwani. Chini yake waliandika kwamba jina hili sasa linapatikana Kenya zaidi ya Uingereza kwenyewe, na kwamba sababu haijulikani.

Haijulikani! Nilisimama, nikaenda dirishani, nikarudi. Hasira niliyokuwa nayo sikujua nimpe nani.

Tovuti hiyo ilimtaja bibi mmoja huko Uingereza anayekusanya habari za kila mwenye jina hilo. Nilimwandikia. Ajabu ni kwamba yeye, ambaye sikuwahi kumwona, nilimwambia kila kitu: chombo, misheni, barua, neno lile moja. Nikamwomba karatasi yoyote inayotuonyesha sisi. Alijibu kwa upole mwingi. Alisema ukoo wetu hauungani na wao popote pale, bila shaka ninaelewa, na kwamba sisi wa Kenya ametuweka kwenye ukurasa wa mwisho, ukurasa wa wasiohusiana. Alinitakia heri ya mtoto. Akanitumia mti wa ukoo wao, umepangwa vizuri, niufurahie.

Mwezi wa nane wa mimba ulikuwa umeingia. Nilimwonyesha Mzanzibari barua, nikamwambia sina la kumpelekea mzee.

"Huna vipi?" akasema. "Mti si huu hapa? Mchomeke babu yako, bwana. Zhanxi pale laoban wa duka anakupa kiatu kimezaliwa nyuma ya stesheni, anakuuliza tu, lebo unataka ya wapi, Italia au Brazili? Weye kutwa unajaza origin za watu, unashindwa na yako? Mzee wa kijijini atakwenda Uingereza kuhakiki?"

Ningeweza kusema hapana. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nimekwisha kumlaumu rafiki yangu vya kutosha kimoyomoyo, na hana kosa. Yeye alisema kwa mzaha. Mimi ndiye niliyekwenda Zhanxi Road kwenye duka la kuchapa lebo, nikapita katikati ya mikokoteni na mafurushi ya viatu, nikamkabidhi laoban ule mti wa bibi. Kwenye tawi la Mwingereza mmoja wa zamani niliomba aongeze mstari mmoja mfupi, na chini ya mstari ule nikamwandika babu wa baba yangu, kama mwana. Alichapa kwenye karatasi nzito ya rangi ya maziwa, kwa herufi za Kiingereza na za Kichina. Kazi safi. Nilipotaka abadilishe rangi ya pambo la pembezoni akasema, "Meiyou." Hakuna. Neno hilo ndilo la kwanza tunalojifunza sote tukifika hapa, na wauzaji hulitumia hata kwa kitu kilicho nyuma yao kwenye rafu, wakichoka na wewe.

Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Alinipeleka ukumbini ili aisome mbele ya vibao. Nilieleza majibu yangu matatu, mke wangu akitafsiri: limetoka kaskazini mwa Uingereza, maana yake ni malisho ya nguruwe, wenyewe ni wachache. Kwenye nguruwe alitabasamu, akanichorea hewani herufi yao ya nyumba, ambayo ndani yake, chini ya paa, yumo nguruwe. Nikadhani nimeshinda.

Kisha akafuata matawi kwa kidole, akafika chini, akauliza, "Kwa hiyo babu zako ni Waingereza?"

"Ndiyo," nikasema.

Akaikunja karatasi mara mbili. Alinishika mkono, akanivuta mlangoni, akauweka mkono wangu ndani ya lile pengo la nguzo. Jiwe lilikuwa la baridi.

"Mzinga," akasema. "Waingereza walipopanda kutoka mtoni kuja kuuchukua mji huu. Waliokuwa ndani tuliwazika hapo nyuma. Sasa wewe unataka mjukuu wangu asimame humu na jina lao, na useme ni damu yake?"

Hapo ndipo nilipomwaga ukweli wote, kwa haraka, vibaya, maneno yakikanyagana. Kwamba hapana, si damu, ni mtoto aliyetolewa kwenye chombo cha watumwa, jina alipewa tu. Mke wangu alikuwa akilisikia jambo hili kwa mara ya kwanza, na alilitafsiri huku ananitazama kama mtu anayemwona mgeni ndani ya nyumba yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Asubuhi babu yako Mwingereza," akasema. "Mchana babu yako mtumwa. Nikikupa chakula cha jioni utakuwa nani?"

Akarudi ndani kwa mwendo wake wa kawaida. Binti yetu alizaliwa wiki tano baadaye, akaandikwa kwenye kitabu cha kaya kwa jina la mama yake na la kijiji kile. Mke wangu ndiye aliyekwenda kituo cha polisi kumwandikisha. Mimi nilikuwa Nansha siku hiyo, na hata sasa siwezi kusema kwa uhakika kama kontena nililolifuata lilinihitaji kweli.

Sherehe ya mwezi mmoja ilifanyika uani. Walipika mayai wakayapaka rangi nyekundu, na miguu ya nguruwe kwa tangawizi na siki, chakula cha mzazi. Mzanzibari alikuja na zawadi, akala mayai matatu, akaondoka. Baada ya wageni kupungua mzee alituita, mimi na mke wangu aliyembeba mtoto, tukaingia ukumbini. Akaonyesha kibao kimoja, ngazi ya tatu kutoka chini.

"Huyu ni babu yangu," akasema. "Alinunuliwa akiwa mtoto, mwaka wa njaa. Nyumba hii haikuwa na mtoto wa kiume. Waliomleta walikuja kwa miguu, hawakusema wametoka mkoa gani, na yeye hakukumbuka. Jina hili alipewa. Nami ndilo nililonalo."

Mke wangu aliacha kutafsiri. Yeye pia hakuwahi kuambiwa. Nilimgusa bega, akaendelea, sauti imepungua.

"Nilipokuona siku ya kwanza, mtu mweusi na jina la Kiingereza, nilijua hukuzaliwa nalo. Ndiyo sababu niliuliza. Nilitaka unitajie mtoto aliyepewa. Ningemchongea kibao, akae hapa karibu na mwenzake. Mahali nilikwisha kupapima." Alionyesha nafasi kwenye ngazi ile ile, upana wa viganja viwili. "Wewe ukamwacha nje, ukaniletea Mwingereza."

 Nililia, mbele ya mzee na mke wangu na mtoto wa mwezi mmoja, na hakuna aliyeninyamazisha. Mzee hakusema tutabadilisha kitabu. Mke wangu hakuomba. Mimi ningeomba kwa mdomo upi?

Sasa binti yangu ana miaka minne. Anaongea Kichina chao cha Guangzhou, na kile cha shule, na maneno ya Kiswahili ya kuhesabika: baba, maji, njoo. Kosa ni langu, nashinda ofisini. Majira haya ya kuchipua, familia ilipokwenda kufagia makaburi na kufukiza udi, babu yake alimsimamisha mbele ya vibao ataje mababu. Aliwataja bila kukosea, kidole kikipanda ngazi kwa ngazi. Alipofika kwa yule mtoto aliyenunuliwa alisimama, kwa kuwa pembeni yake pana ile nafasi tupu, na watoto hawapendi nafasi tupu. Akanigeukia.

"Na babu wa Baba yuko wapi?"

 Mzee hakunisaidia, ila aligeuka kunitazama, na sikuona hasira usoni mwake. Alikuwa anangoja, kama alivyongoja ile mara ya kwanza. Niliyajua maneno yote kwa Kiswahili. Chombo, manowari, barua, neno la kumwita mama. Lakini Kichina changu nimekiokota Zhanxi na bandarini, ni cha bei na mizigo na kukataa, na mtoto alikuwa anasubiri, na mashangazi wanatazama. Mke wangu alikuwa nje na udi. Nilitafuta, nikatafuta, nikamjibu mwanangu kwa neno lililokuwa karibu.

"Meiyou," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akaendelea kuhesabu.