Iris Dunseath Ajitoa Kwenye Mnyororo

Katika kanisa letu la kijijini Ballykeagh, mtu aliyetaka siri yake ifike mbali hakuhitaji gazeti. Alimwambia Iris Dunseath, kisha akamalizia kwa kusema, "Lakini hii ni kwa ajili ya maombi tu." Iris ndiye aliyekuwa mkuu wa mnyororo wa maombi. Yeye alimpigia simu rafiki yake Maud Kilpatrick, Maud akampigia mwenzake, mwenzake naye akampigia mwingine, na kabla viazi havijaiva jikoni, wanawake wa vijiji vyote vya jirani walikuwa wanaiombea bawasiri ya mtu huku wakimtaja kwa jina.

Usidhani Iris alikuwa mbaya. Alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na hajawahi kumwona mtu ana uso wa huzuni akampita. Watu walilia jikoni kwake, wakala keki zake, wakaenda zao wamepona nusu. Ile nusu nyingine ya ugonjwa iliwarudia kesho yake, walipokutana na majirani wanaowatazama kwa huruma.

"Una kipawa, Dada Iris," Mchungaji Mawhinney alimwambia siku moja. "Kwa nini usikisomee?"

Wapo waliosema mchungaji alitaka tu simu yake ipumzike. Lakini Iris aliyachukua maneno yale kama agizo kutoka juu. Akaanza kwenda jijini Belfast kila Jumamosi kusomea ushauri nasaha, na akajiwekea nia moja: asajiliwe rasmi kuwa mshauri nasaha wa Kikristo, jina lake lisimame pamoja na majina ya wanaoijua kazi. Alikuwa amechoka kuitwa "yule wa keki". Alilitaka jambo hilo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote tangu aolewe.

Masomo yenyewe yalimtesa. Kumbe mtu akilia humrukii na kitambaa, unamwacha alie. Humwekei chai kila anapovuta pumzi. Humwombei mpaka mwenyewe atake kuombewa. Tena mwanafunzi naye sharti awe na mshauri wake, akakae kwenye kiti aseme yaliyo moyoni.

"Unamlipa mtu akusikilize?" aliuliza mumewe, Uel, mfugaji wa ng'ombe ambaye kwa kawaida maneno yake ya wiki nzima yangeenea kwenye kijiko. "Ng'ombe wanakusikiliza bure."

"Ng'ombe hawana cheti, Uel."

"Wala hawasemi ovyo."

Iris alicheka, lakini neno lile lilimchoma, kwa sababu wiki hiyo hiyo alikuwa ameharibu. Darasani wanafunzi walijizoeza wao kwa wao, na aliyekaa mbele ya Iris alikuwa mwalimu wa fizikia kutoka mji mdogo wa Larne, mpole, aliyeachwa na mke, na ambaye tangu utotoni alikuwa anawaogopa mabata bukini. Iris alimhurumia mno. Alipofika nyumbani akaliingiza jambo kwenye mnyororo, kwa uangalifu wote: "Tumwombee ndugu mmoja, jina simtaji, anafundisha fizikia Larne, mke kamkimbia, na bata bukini wanamtia hofu." Jumamosi iliyofuata yule mwalimu aliingia darasani na bahasha tele za kadi zenye mistari ya Biblia. Moja ilikuwa na picha ya bata bukini, na chini yake imeandikwa, "Usiogope."

Philippa Orr, msimamizi wake, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, alimwita pembeni.

"Iris, wewe unasikiliza vizuri kuliko wote hapa. Lakini bila sahihi yangu husajiliwi, na mimi siwezi kutia sahihi kwenye mdomo unaovuja."

"Sikumtaja jina!"

"Larne ina walimu wangapi wa fizikia wanaokimbia bata?"

Iris alirudi nyumbani moja kwa moja. Siku ile ile alijitoa kwenye mnyororo, akamkabidhi Maud uongozi, na Maud akaupokea kwa unyenyekevu wa mtu aliyekuwa akiusubiri kwa miaka. Philippa akampa nafasi ya mwisho. Atafanya mazoezi ya kazi katika chumba cha ushauri kilicho juu ya duka la mitumba, mji wa jirani, kila Alhamisi. Akivujisha neno moja, basi.

Alhamisi ya kwanza mlango ulifunguliwa akaingia mwanamume amevua kofia, anaizungusha mikononi. Alikuwa Hector Kilpatrick, mume wa Maud.

"Mama yangu!" alisema Hector.

"Hector, kaa papo hapo, usiseme neno," alisema Iris, naye amesimama kana kwamba kuna moto. "Mimi siruhusiwi kumsikiliza mtu ninayemfahamu. Nenda chumba cha pili, yupo kijana wa ndevu anaitwa Alastair. Na kwangu mimi, leo sijakuona."

"Maud asijue."

"Ajue nini? Sijakuona."

Moyo wa Hector ukatulia, akaenda kwa Alastair. Iris akafunga mlango na kukaa. Alikuwa na habari ambayo zamani ingewasha simu za kata nzima, na hakuwa na wa kumwambia isipokuwa Philippa, ambaye aliruhusiwa kuambiwa. Alikula pakiti nzima ya biskuti za wateja.

Sasa, gari la Hector ni la kijani kibichi, rangi ambayo mtu mwenye akili timamu hainunui, na lilikuwa limeegeshwa nyuma ya duka la mitumba ubavuni mwa gari la Iris. Maud aliyaona yote mawili. Aliyaona na Alhamisi iliyofuata, na ile nyingine pia. Ndipo akatokea jikoni kwa Iris na sinia la keki za tangawizi.

"Shoga, Hector huwa anaenda wapi Alhamisi?"

"Keki tamu hizi, Maud."

"Nimekuuliza Hector anaenda wapi."

"Umeweka tangawizi mbichi?"

"Iris! Miaka yote hii nikikuuliza saa, unanieleza na ya wajomba zako. Leo umekuwa bubu?"

Iris akamtazama rafiki yake. Sentensi moja tu ingetosha. Ilikuwa imefika kwenye meno. Akaimeza pamoja na keki.

"Siwezi kusema lolote, Maud."

Maud alibeba sinia lake akaondoka, na jioni ile mnyororo ulipokea ombi jipya: tumwombee dada mmoja mpendwa, zamani alikuwa kiongozi wetu, ambaye ameshindwa na jaribu la mwili pamoja na mume wa mtu.

Jumapili hakuna aliyekaa kwenye benchi la Iris. Akina mama waliompenda walimpa mikono ya baridi. Mchungaji Mawhinney alikuja nyumbani, akanywa chai, akazungumzia habari za hali ya hewa, za Mfalme Daudi, kisha akarudi kwenye hali ya hewa. Iris alilia mchungaji alipoondoka. Aliona haya, aliona uchungu, na zaidi ya yote aliona hasira, kwa maana mnyororo ule aliufua yeye mwenyewe kwa mikono yake.

Uel alizisikia habari kwenye mnada wa ng'ombe. Alirudi, akavua buti, akaketi.

"Wanasema wewe na Hector."

"Siwezi kusema lolote, Uel. Hata kwako."

Uel alifikiri.

"Si kweli," alisema. "Ingekuwa kweli, ungeshaniambia kabla hujazima gari."

Jumatano kwenye ibada ya maombi, mchungaji aliuliza kama kuna mwenye haja. Kiti kilikwaruza sakafu. Hector Kilpatrick alisimama, masikio mekundu.

"Mimi ndiye lile jaribu la mwili," alisema. "Iris alinifukuza mlangoni siku ya kwanza. Mimi huenda kwa kijana mmoja wa ndevu, nazungumza habari za kaka yangu aliyekufa. Naenda mbali kwa sababu nyumbani kwangu, nikianza sentensi, inaombewa kabla sijaimaliza."

Akakaa. Maud aliinamisha uso, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ibada ile hakuna mwanamke aliyesema "Amina". Baadaye, mlangoni, Maud alimshika Iris mkono.

"Ulijua, ukaniacha nikuchafue?"

"Haikuwa yangu kuisema."

"Mimi ningesema," alijibu Maud, akalia, na Iris hakumrukia na kitambaa.

Philippa alimwita Belfast. Fomu zilikuwa mezani, zimeshatiwa sahihi.

"Nina shangazi Ballymena," alisema. "Juzi alinipigia simu kuniomba nimwombee mama mmoja mzinzi, mshauri nasaha wa karibu na Ballykeagh. Nikajua mwanafunzi wangu amechafuliwa na bado hajafungua mdomo; ameiva."

Hati ya usajili ilikuja kwa posta siku ya Jumamosi. Uel aliisoma taratibu, mbele na nyuma, Iris akiweka birika motoni.

"Kwa hiyo sasa mtu akikwambia jambo, humwambii mtu."

"Simwambii."

"Hata Maud?"

"Hata Maud."

"Hata Mchungaji?"

"Hata yeye, Uel."

Uel aliiweka hati mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Mara ya mwisho nilikwambia jambo, baba alipofariki," alisema. "Jumapili yake wanaume wote wa kanisa walinipiga-piga begani. Nikaona afadhali niwaambie ng'ombe."

Iris alivuta kiti akakaa.

Alichosema Uel baada ya hapo mimi sikijui. Maud hakijui, mchungaji hakijui, na shangazi wa Ballymena hajapata pa kuanzia. Tunachojua ni birika tu, kwa sababu Jumatatu Iris alionekana dukani akinunua jipya. Lile la zamani liliachwa motoni mpaka likakauka na kuungua kitako.