Klachi Mpya ya Mume Wangu

Mimi wivu ninao, sikatai. Ninao hadi leo, na uzee huu, anayetaka kunicheka acheke. Lakini wivu wa ile miezi niliyokaa ndani na mtoto wangu wa kwanza, huo nusura unitoe roho.

Kwetu Machame, enzi hizo Mwingereza bado anatawala, mzazi hakutoka nje. Miezi unakaa ndani, mama mkwe anakupikia mtori wa ndizi na nyama, unakula, unanenepa, kazi wanafanya wengine. Mume wangu alikuwa fundi wa gereji Moshi mjini, na pikipiki aliipata tumbo langu likiwa limeshakuwa kubwa. Tena si pikipiki ya kwendea sokoni. Ilikuwa ya mashindano, mali ya mzungu mmoja wa shamba la kahawa aliyevunjika mguu, akaichukia. Nilimwomba mume wangu anipakie hata mara moja tu. Akasema, "Na tumbo hilo? Subiri ujifungue." Basi nikasubiri.

Barabara ya kupanda kutoka sokoni Kwa Sadala inapita chini ya migomba yetu, kwa hiyo kila jioni nilimsikia akirudi. Pikipiki ile ilikuwa na nguvu za ajabu, ila klachi yake haikuwekwa kwa ajili ya mlima wetu. Mwenyewe alinieleza, zamani akinieleza mambo: akiwa peke yake inapanda vizuri, akiwa na mzigo klachi inateleza, injini inapiga kelele na gurudumu haliendi.

Jioni moja nikaisikia inapiga kelele. Inalia kweli kweli, na haifiki. Ilipokaribia kona ya chini ikasimama kidogo, kisha ikaja nyumbani nyepesi, haina neno. Jamani! Mzigo umeshushwa kwenye kona.

"Ulibeba nini leo?" nikamuuliza alipoingia.

"Ndizi."

Ndizi! Ndizi zinatoka kwetu zinashuka mjini. Nani anapandisha ndizi Machame? Nilimkazia macho mpaka akaenda kunawa.

Ikawa mtindo. Leo kelele, kesho kimya, keshokutwa kelele. Nikamwambia mama mkwe, "Mama, mwanao anapakia mtu." Akanisogezea bakuli. "Kula, mwanangu, mtori unapoa. Uzazi unakupa mawazo." Nikala kwa hasira, nikaungua ulimi.

Jumamosi moja akaifungua pikipiki uani, nyuma ya ukuta wa chumba changu. Nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Alimwaga oili, akatoa pleti za zamani za klachi, zenye vipande vya koki kama ya vizibo vya chupa, vilivyokwisha kuungua, akapanga mpya zenye bitana ngumu, kisha springi nene kuliko zile za mwanzo. Kila pleti aliifuta kwa kitambaa taratibu, huku anapiga mluzi. Mwanangu hajawahi kufutwa hivyo na baba yake.

"Unatengeneza nini, baba mtoto?" nikapaza sauti.

"Naweka klachi ya nguvu. Hii haitelezi ng'o!"

"Kwa ajili ya ndizi?"

Mluzi ukakatika. "Kwa ajili ya mlima," akasema.

Tangu siku hiyo sikuambulia kitu. Pikipiki ilipanda kwa sauti ileile, awe peke yake, awe na nani. Nilichotaka kujua ni hicho kimoja tu, kama amepakia mtu, na mwanaume yule alikuwa amekizima kwa spana. Springi zilikuwa ngumu hata mkono wake wa kushoto ukaota malengelenge kwa kubana klachi. Nikimpa mtoto amshike, anasema mkono unamuuma. Nililia, wallahi. Nilitaka kutoka nikamwone huyo mwanamke, nimjue ana nini ambacho mimi sina. Lakini mzazi akionekana barabarani kabla ya siku yake, ukoo mzima utamsema.

Siku yangu ya kutoka ikafika. Nikapakwa mafuta, nikavaa gauni jipya, tukashuka na wanawake wa nyumbani hadi sokoni Kwa Sadala ili watu wanione. Nilikuwa nimenenepa, nang'aa. Jioni mama mkwe akatangulia na mtoto, na mume wangu akanijia na pikipiki. "Panda," akasema. "Si nilikuahidi?"

Nikapanda mbele ya soko zima, na safari hii wenye wivu walikuwa wengine. Pikipiki ikashika mlima bila kulalamika. Upepo, harufu ya kahawa, mgongo wa mume wangu. Nikaanza kujiambia, labda ni kweli ulikuwa mlima tu, mama wee, nimejitesa bure.

Tulipofika penye mwinuko mkali akasema, macho yake yako barabarani, "Egemea mbele unishike kiuno, kama siku zote."

Kabla ya jioni hiyo sikuwahi kupanda pikipiki ile hata siku moja. Nikahisi mgongo wake unakakamaa. Alikuwa amesikia mwenyewe alichosema.

"Simamisha," nikamwambia.

Akasimamisha. Nikashuka na gauni langu jipya, nikapanda mlima kwa miguu, na wote waliotoka sokoni wakiniona.