Samaki Aliyenisafishia Jina

Wapo watu waliosafishiwa jina na wakili. Mimi nilisafishiwa na samaki, tena akiwa amekwisha kufa.

Twende taratibu, kwa mpangilio.

Nilikuwa nimepeleka posa, jibu likakwama kwenye vijiko. Mama mkwe wangu mtarajiwa ana vijiko vinavyometameta kama kioo, vyenye nakshi ya ua mgongoni. Hulala kabatini chini ya kufuli. Huvitoa akija mgeni tu.

Na kila nilipokuja mimi, kimoja kilitoweka.

"Simtaji mtu," alimwambia mchumba wangu nikiwa nasikia, "ila huyo mwalimu wako ana mifuko mipana."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi moja baba mkwe akanihurumia. "Twende ziwani, mwalimu. Mpelekee mama samaki wa maana, huenda akalainika. Ila umpeleke mzima, kumpasua anapenda mwenyewe."

Nilijiandaa kisomi. Kisanduku changu kilijaa vyambo bandia, nimevipanga kwa rangi na urefu. Mzee akachungulia, akaguna.

"Hivi vizito ni vya baharini, mwanangu. Kule kuna mkondo na mawimbi. Hapa vitakwenda kulala topeni. Na maji yenyewe yametibuka. Hiki cheusi samaki atakionea wapi? Chukua kidogo, king'aacho."

"Nikivute haraka?"

"Kwani unakimbizwa? Vuta, legeza, vuta. Kiyumbeyumbe kama kidagaa kilichoumia."

Chake alikirusha akiwa amenipa mgongo. Punde fimbo ikapinda, mshipi ukakatika, samaki akaondoka na chambo.

Mzee akaketi, jasho likimtiririka. "Bora angeondoka na boti."

Nikarusha changu palepale. Vuta, legeza, vuta. Kikadakwa!

Nilipomwopoa, mzee hakunipongeza. Alichomoa kisu.

"Tumpasue hapahapa."

"Baba, si ulisema mama anamtaka mzima?"

"Nilisema? Basi mrudishe majini, bado mdogo huyu!"

Mdogo? Alikuwa na urefu wa mkono wangu! Nikamkumbatia hadi nyumbani, mzee akinifuata nyuma kama anayepelekwa kituoni.

Mama mkwe akapasua tumbo. Kisu kikagonga chuma.

Akatoa kijiko kilichokatwa mpini, kimetobolewa, kina ndoano mkiani. Mgongoni, ua.

Mchumba wangu alimtazama baba yake. Baba yake aliitazama dari.

"Baba watoto," mama mkwe alisema kwa upole wa kutisha, "kwa nini vipotee mwalimu akija tu?"

"Siku nyingine zote unafunga kabati," mzee akajibu.

Posa yangu ilikubaliwa kabla samaki hajaiva.

Hadi leo mzee hunywa supu kwa kijiko kilekile. Ndoano imeondolewa, tundu limeachwa.

Nanyi mnaoposa, nawausia: chagueni chambo kwa kuyatazama maji kwanza. Na nyumbani kikipotea king'aacho, msianze kumpekua mgeni. Ulizeni kwanza nani hapo anapenda kuvua.