Mama Mkwe Hagomi

Kwa miaka minne nilikuwa mama mkwe mbaya kuliko wote wa Masisi. Kila Jumanne na Ijumaa jioni, sombe, yaani kisamvu, ikiwa bado jikoni, watu walifungua redio wanisikilize nikimtesa mke wa mwanangu: ugali wake una madonge, watoto wake wanafanana na ukoo wa kwao, maziwa niliyoletewa kutoka Mushaki ameyatia maji. Lilikuwa igizo tu, nasi waigizaji tulikuwa sita, lakini sokoni hakuna aliyeniita kwa jina langu. "Mama Mukwe, achilia huyo mutoto ya wenyewe!" walinipigia kelele wauza ndizi, nami nikawajibu kwa ile sauti, ya puani, yenye kukwaruza. Walicheka mpaka wakaniongezea ndizi. Sikatai, nilipenda. Mimi ni mtu wa kupenda kusifiwa, na asiyependa kusifiwa nimeshasikia habari zake lakini sijakutana naye.

Mama Mkwe nilimwandika mwenyewe. Jumatatu tulikutana sote katika chumba cha nyuma cha kituo, kila mmoja na daftari lake, tukasomeana tulichoandika, tukabishana, tukafuta. Hatukubuni mengi. Tuliyachota kwenye bomba la maji na mbele ya dispensari. Njia ikifungwa, Mama Mkwe alimlaumu mkwewe kwamba ndiye aliyeifunga kwa uvivu wake. Watu wakinyang'anywa gunia la maharage kwenye kizuizi, Mama Mkwe alilia gunia lake kwa sehemu mbili nzima. Ndiyo maana walimwamini. Habari za redio ziliposema mambo yametulia, watu walisubiri kwanza wasikie yeye anasemaje, mwanamke ambaye hata hayuko duniani. Wakati ule nililiona jambo hilo la kuchekesha.

Nyuma ya nyumba yangu, chini ya turubai, aliishi jirani yangu na mume wake na watoto wao watatu. Walikimbia kutoka upande wa Kingi na sufuria moja na jembe moja. Shamba lao lilibaki kule, na mume hakumaliza siku bila kulitaja: udongo wake ulivyo mweusi, maharage yake yalivyokuwa yakiota mapema kuliko ya wengine. Hapa alilima mashamba ya watu. Jirani yangu alikuwa na redio ndogo iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na siku za igizo aliiweka juu ya jiwe kati ya ua wake na wangu, ili nijisikilize. Alinicheka machoni. Tulipendana sana.

Kisha siku moja Papa Directeur, yaani mkuu wa kituo, akatuita sote sita. Mradi uliotupa betri na mashine ya kurekodi ulitaka igizo liwe na matumaini. Hotuba ilikuwa ndefu, lakini mwisho wake ulikuwa ukurasa mmoja, uliotoka Goma kwenye simu yake naye akauchapisha, tayari umeandikwa na mtu tusiyemjua. Ndani yake Mama Mkwe, ambaye kwenye igizo naye ni mkimbizi, anakunja turubai, anatupa jembe begani, anawaambia wenzake wote wa kambini: fungeni mizigo, njia ni nzuri, turudi kwetu tukapande.

Mume wangu wa redio aliusoma mara mbili. Huyo alikuwa mtu wa Walikale, mwana wa wawindaji, mwenye kifua kama mlango. Hewani alikuwa akiniogopa mpaka anajificha chini ya kitanda, nje ya hewa sijaona alichokiogopa. Aliuweka ukurasa mezani, maandishi chini.

"Papa Directeur, ni nani alipita ile njia akarudia kutuambia ni muzuri?"

Papa Directeur alianza kupanga karatasi zake.

"Basi miye sisomi."

Hakuna aliyesoma. Tukatoka na sharti moja tu: asitutie mtu neno mdomoni kabla hatujalikubali sisi tunaolisema. Mpaka hapo, grève, yaani mgomo. Watu wengi walidhani tunagomea malipo. Malipo yetu hata kuku asingeyagombea.

Siku za kurekodi tulikwenda kama kawaida, ila tuliishia nje, kwenye benchi la mbao lililotazama barabara, midomo imefungwa, ili kila mpita njia aone. Sisi wanawake tulikuja na maharage ya kuchambua. Mume wangu wa redio alituambia, "Kwetu mu pori, mutu akinyamaza, nyama njo inaanza kuogopa," yaani ndipo mnyama anapoanza kuogopa. Juma la kwanza na la pili kituo kilipiga kwaya za kanisani wakati wa igizo. Watu walisimama mbele ya benchi, wakauliza, tukawaeleza, wakatikisa vichwa, mwingine akatuachia mahindi ya kuchoma. Nilijiona mtu mkubwa. Nilidhani kunyamaza kwangu kunasikika mpaka Mweso.

Juma la tatu, Ijumaa, nilikuwa uani naanua nguo. Jirani yangu alikuwa ameiweka redio juu ya jiwe, kwa mazoea tu. Nikasikia muziki wa igizo letu. Halafu nikasikia sauti ya puani, yenye kukwaruza, ikisema: "Jua limeniunguza vya kutosha kwa watu. Nyosheni miguu! Maharage hayangoji mtu. Naenda kwangu, na mwenye akili anifuate."

Nilisimama na shuka mkononi. Maneno yale ni yangu, niliyaandika miaka miwili nyuma, msimu ambao njia ilifunguka kweli na watu wakarudi, wakapanda, wakavuna, kabla mambo hayajaharibika tena. Wakati ule ulikuwa ukweli mtupu. Sasa kituo kilikuwa kimeichimbua sehemu ile ya zamani na kuirusha, bila kusema ni ya zamani, tena ni wiki ile ile ya kupanda. Mimi nilikuwa nimegoma. Mama Mkwe hakuwa amegoma. Alikuwa kazini, mchangamfu, anasema lile lile nililokataa kusema.

Jirani yangu alimwangalia mumewe. Mumewe alikuwa ameshasimama.

"Umesikia?" akamwambia mkewe. "Njo hiyo nilikuwa nangojea."

Nilivuka ua mbio. Nikawaeleza: ile ni ya zamani, tuko kwenye mgomo, hatujarekodi kitu, hili ni juma la tatu. Walinisikiliza kwa adabu. Nikaona hawaelewi, nikageuza sauti, nikawa Mama Mkwe pale pale, mikono kiunoni, nikawakaripia: "Weye bwana, jembe chini! Nani alikuambia uende? Utaenda kuzikwa na hayo maharage yako?" Watoto walianguka kwa kicheko. Jirani yangu alijifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akasema, "Mama Mukwe, utaniua." Hapo ndipo nilipoogopa kabisa. Mbele yao mimi nilikuwa kichekesho, na ukweli ulikuwa unatoka kwenye lile jiwe.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kwa Papa Directeur peke yangu. Sikupita kwenye benchi, kwa kuwa haikuwa siku ya kurekodi. Nilimwambia watu watafunga mizigo. Nilimwomba kitu kimoja: kabla ya kurusha tena, aseme tu kwamba sehemu hii ni ya zamani.

"Mama, miye sikudanganya mutu," akasema. Hakuwa mkali, alionekana mtu aliyelala vibaya. "Ni sauti yako. Ni maneno yako. Uliandika weye mwenyewe. Na miye pia niko na bakubwa Goma. Kama unataka kusema kitu, studio iko wazi. Lakini mwenye kuingia atasoma ukurasa yao kwanza."

Kikulacho ki nguoni mwako. Niliwahi kuwafundisha watoto wa kanisani methali hiyo, nikidhani inahusu ndugu na marafiki.

Nilimpelekea habari mume wangu wa redio, nyumbani kwake, akiwa anapasua kuni. Nikamwambia labda niingie, niusome ule ukurasa wao, halafu niseme langu. Akalaza shoka. "Dada, bakikata maneno yako ya mwisho, bakaacha ukurasa yao? Ile mashine inakataka. Ukiingia, tumekwisha sisi wote sita, na bantu bataenda bengi zaidi." Alikuwa sahihi. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekasirishwa na usahihi wake, na sikuingia.

Jumatatu walifunga mizigo. Nilimshika jirani yangu mkono, nikamwomba aache watoto kwangu, aende mume peke yake aone kwanza. Alisema mikono ya kupanda haitoshi. Aliniachia redio, maana mumewe alisema kule watakuwa wanafanya kazi mpaka giza. Niliwasindikiza mpaka pale barabara inapopinda, nikajisikia mwongo ingawa sikusema uongo hata mmoja. Ukiniuliza leo kama niliwakataza kwa nguvu zote, nitasema ndiyo, halafu nitakasirika kwamba umeuliza.

Mgomo uliendelea. Kwenye benchi tulikuwa tukikaa na tukisikia, kupitia dirisha la kituo, sauti zetu wenyewe zikifanya kazi ndani. Walikuwa na miaka minne ya sisi kwenye mashine ile. Tungeweza kugoma mpaka tuzeeke, hata tufe, na igizo lisingekosa hewani hata Jumanne moja. Wapita njia waliacha kusimama. Mmoja alituuliza kama tunasubiri gari.

Wiki ya saba jirani yangu alirudi. Alikuja na watoto watatu, bila jembe, bila mume. Niliwaingiza ndani, nikawapa uji, sikuuliza mpaka watoto walipolala. Walikuwa wamepanda, akaniambia. Maharage yalikuwa yameanza kutoa majani mawili mawili. Halafu watu wenye bunduki walipita, wakataka wanaume wa kubeba mizigo, wakamchukua mumewe akiwa shambani. Siku kumi zilikuwa zimepita. Hakuna aliyejua wamempeleka wapi.

Nilingoja anilaumu. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nilikuwa na majibu, niliyarudia kichwani kwa majuma matatu. Hakunilaumu. Alinishika goti.

"Mama Mukwe, weye njo bantu bote banasikilizaka. Hata bale ba bunduki, nilibasikia mu njia, bako banaiga sauti yako, banacheka. Sema mu redio. Sema jina ya bwana yangu. Bakisikia ni weye unamwita, batamwachilia."

Nilimwambia matangazo ya kutafuta watu mtu yeyote wa kituo anaweza kuyasoma. Akatikisa kichwa. Alitaka sauti ile. Nilimwambia tuko kwenye grève. Alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mgonjwa hawezi kupewa maji kwa sababu leo ni sikukuu.

Nililaumu kila mtu usiku ule: mradi, Papa Directeur, mume wangu wa redio na shoka lake, na marehemu mama yangu ambaye ndiye niliyemwiga sauti. Lakini Ijumaa nilivaa, nikaandika tangazo kwa mkono wangu, jina lake, shati alilovaa, kovu lake la kidole, nikaenda.

Wenzangu watano walikuwa kwenye benchi. Wakanisogezea nafasi. Nikapita mbele yao, nikaingia ndani.

Papa Directeur hakuonyesha kufurahi, namshukuru kwa hilo. Alilisoma tangazo langu polepole, akasema pole. Kisha akaniwekea karatasi mbili mezani, ile yangu ndogo na ule ukurasa kutoka Goma, na akasema kwa sauti ya chini kwamba hana namna. Nilimuuliza kama anajua ninachokwenda kusoma kimeshamfanyia nini mtu anayetafutwa kwenye karatasi yangu. Akasema anajua. Akafunga mlango uliobandikwa sponji za godoro, ule mlango unaozuia sauti ya nje.

Nilisoma ukurasa. Nilidhani nitausoma vibaya, kwa sauti ya maiti, ili kila mwenye masikio ajue nimelazimishwa. Lakini kipaza sauti kilipowaka mdomo ulienda wenyewe. Niliweka kikohozi mahali pake, nikamtania mkwe wangu hapa na pale, nikaongeza hata kicheko ambacho hakikuandikwa. Nilisoma vizuri. Hilo siwezi kujisamehe. Kisha nikasoma tangazo, na hilo nalo kwa sauti ile ile ya Mama Mkwe, kama alivyotaka jirani yangu, nikimwita mumewe arudi nyumbani.

Nilipotoka, benchi lilikuwa tupu. Mgomo uliisha siku ile, bila kutangazwa. Mume wangu wa redio alirudi Walikale na hatujaongea tena. Wengine wawili walikubali kusoma, nikawa nafanya nao kazi tusitazamane. Jirani yangu bado yuko chini ya turubai, na jioni anakaa karibu na redio. Mumewe hajarudi. Tangazo la kumtafuta lilirushwa mara mbili, kisha likaondolewa kwa sababu matangazo yalikuwa mengi. Ule ukurasa mwingine unarushwa mpaka leo.