Nguo Nzito Kwenye Mizani ya Kliniki

Nilirudi Kebirigo, kwetu Nyamira, kutoka Kanada na diploma ya umeme niliyoipata kwa jasho langu, na nyumba yangu ndiyo iliyokuwa ya kwanza pale kuwa na maji ya moto bombani. Mwanangu alipozaliwa, nilimvalisha nguo nene nilizokuja nazo, na kila tulipokwenda kliniki nilikataa avuliwe.

"Baridi hii ya Nyamira haimfai," nilimwambia muuguzi kijana, naye akampima hivyo hivyo.

Kila mwezi nilimwongezea vazi, na mstari wa uzito kwenye kijitabu chake cha kliniki ukapanda. Mke wangu aliponiambia kuwa maziwa yake hayatoki vizuri, nilimwonyesha ule mstari.

Mtoto alipofikisha miezi minne, tulimkuta kliniki muuguzi mwingine, mama mtu mzima.

"Baba, mvue nguo zote."

"Sista, huyu hakuzaliwa kwenye nyumba ya moshi."

Akina mama kwenye foleni wakacheka. "Mwache, labda Kanada wanapima makoti," mmoja alisema.

Muuguzi alimvua mwenyewe, akamtundika kwenye mizani. Mbavu zilihesabika. Alikuwa mwepesi kuliko siku aliyozaliwa, na kicheko kikakatika.

"Mpelekeni Kisii, hospitali kubwa. Sasa hivi."

Mke wangu hakunitazama. Nilifungua shati langu, nikamweka mtoto kifuani, nikakimbia kuelekea stendi. Nguo zake zilibaki mezani. Njia nzima niliomba alie, lakini hakuwa na nguvu ya kulia.