Gauni la Ubatizo la Madamu Agatha

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, mimi ndiye niliyemsemea mama yangu Kiingereza. Tulitoka Uvira nikiwa bado nabebwa mgongoni, baba akabaki kule, sisi tukapanga chumba kimoja Umbilo, hapa Durban. Shule ilinipa lugha ambayo mama na nyanya yangu, tuliyemwita Koko, hawakuwa nayo.

Mama alifua na kupiga pasi kwa mzungu mzee, Madamu Agatha, juu mlimani. Babu yake alikuwa na mashamba ya miwa yasiyoisha kwa macho, na barabara za pale karibu zilibeba jina la ukoo wao. Vyote alivirithi yeye, akabaki peke yake na picha za ukutani. Alikuwa mwema. Akinipa mkate aliukata maganda ya pembeni, kwa sababu aliona siyapendi. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa ameona.

Mdogo wangu Daniel, wa baba mwingine ambaye naye hakukaa nasi, alipokaribia kubatizwa, Madamu alimpa mama gauni jeupe la lesi, refu kuliko mtoto mwenyewe.

"Mwambie mama yako sisi wote tulibatizwa na hili," aliniambia. "Baba yangu, kaka zangu, mimi."

Nilitafsiri yote. Nyumbani Koko akalishika kwa vidole viwili.

"Na hao wote wako wapi?"

"Walikufa, Koko. Amebaki yeye."

"Umesikia, Mama Neema? Hii nguo inakula batu! Na ile mali yao, batu ngapi walifia mule ndani ya miwa? Rudisha."

Mama alicheka. "Wacha, Mama. Avae nini, fulana? Iko mzuri sana."

Madamu alikuwa na miaka zaidi ya themanini. Kaka zake walizeeka, wakafa kama watu wanavyokufa. Siku ile hakuna aliyewaza hivyo, hata mimi.

Daniel alibatizwa Jumapili. Jumanne asubuhi mwili ulikuwa moto, hashiki titi. Mama alimfunga mgongoni aende hospitali, Koko akasimama mlangoni kumzuia. Kwetu kitu chenye mkosi hurudishwa kwanza mkononi mwa aliyekitoa, ndipo dawa ishike. Safari hii mama hakucheka. Hospitali ilikuwa upande wa chini. Sisi tukapanda mlima.

Madamu Agatha alifungua geti mwenyewe. Gauni hakulitazama. Alimgusa Daniel shingoni, akageuka kutafuta funguo.

"Mleteni kwenye gari. Sasa hivi!"

Koko akanivuta mkono. "Mwambie gari yake hatupandi. Mwambie ametumalizia mtoto, imetosha."

Maneno hayo yalinishinda. Yule mzee alikuwa ameshatoka na funguo, mguu mmoja hauna kiatu. Nikadanganya kwa adabu, "Asante, Madamu. Baba anatungoja pale chini na gari."

Uso wake ukatulia. "Afadhali. Basi kimbieni."

Basi dogo la taxi tulilolipata lilikuwa nusu tupu, na dereva alitaka lijae kwanza. Mama mmoja Mzulu alimwona Daniel, akapiga kiti kwa kiganja: "Hamba, bhuti, hamba!" Nenda, kaka, nenda. Dereva akaondoka, akapita robot mbili, taa za barabarani, zikiwa nyekundu. Nawaombea wote wawili mpaka leo. Daktari alimpokea Daniel mikononi mwa mama, na hakukaa naye muda mrefu kabla ya kumfunika uso.

Koko alikufa akiamini alikuwa ameona mbele. Mama hakurudi tena mlimani. Kwenye msiba wa Daniel Madamu Agatha alituma maua, Koko akayatupa nje. Nadhani yule mzee alikufa bila kujua alitukosea nini.

Sasa nina watoto wawili, na mama anakaa nasi kwenye fleti yetu ya South Beach. Bado anasema "ile nguo," mimi simkatalii. Nikimwambia haikuwa nguo, ataniuliza ilikuwa nini. Juzi alikuwa akimpakata mwanangu mdogo, akanitazama kwa upendo.

"Siku ile uliongea vizuri, Neema," alisema. "Yule mzee hata hakukasirika."

"Ndiyo, Mama," nikajibu.